Mkutano wa mahindi uzungumzie mahindi

Lipo jambo ambalo wengi wetu tunaliona kila siku lakini hatulisemi. Nalo ni tabia ya kukutana kwa ajili ya jambo moja, tukazungumza mambo kumi, na mwisho tukatawanyika bila ya kuamua hata lile moja lililotukutanisha.

Tabia hii imeenea karibu kila mahali. Ipo katika mikutano ya vijiji, katika vyama vya ushirika, katika vikundi vya kuweka na kukopa, katika kamati za harusi na misiba, na hata katika vikundi vya watu waliokutanishwa na kupenda kitu kimoja tu, kama vile mpira, bao au kupiga picha. Wapenzi wa kamera wakikaa pamoja ili wazungumzie lenzi na mwanga, haipiti nusu saa mmoja amekwisha kuingiza siasa, wa pili anatangaza kiwanja anachouza, na wa tatu anagombana na wa pili juu ya bei. Yule kijana aliyekuja kuuliza kwa nini picha zake zinatoka na giza anarudi nyumbani na giza lake.

Katika kikundi cha burudani hasara hiyo ni ndogo. Katika mkutano wa wananchi hasara ni kubwa, na aghalabu wanaoilipa si wale waliopoteza muda.

PENYE WENGI PANA MENGI

Huku kwetu Rudewa, Wilaya ya Kilosa, tu watu mchanganyiko. Wapo Wakaguru na Wasagara, wenyeji wa nchi hii. Wapo ambao babu zao walikuja kutoka mbali kama manamba kukata mkonge, wakabaki. Wapo wafugaji, na wapo wafanyabiashara waliofuata barabara ya Dumila na Kilosa. Mkulima ana kilio chake cha pembejeo, mfugaji ana kilio chake cha malisho na maji, mama ana kilio chake cha zahanati, na kijana hana shamba.

Watu hawa wote huitwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na vipo vijiji ambako hata hiyo miezi mitatu hupita kimya. Kwa hiyo kila mmoja anapofika pale huiona siku hiyo kuwa ndiyo nafasi yake pekee ya kusikika. Akiinyosha mikono mara tatu bila kuitwa, siku atakayoitwa atasema yote aliyonayo moyoni, hata kama ajenda iliyo mezani ni choo cha shule.

Ndiyo maana siwaiti wanaotoka nje ya mada kuwa ni wakorofi. Wengi wao ni watu wenye haja ya kweli ambao hawajaonyeshwa mahali pa kuipeleka. Lakini haja ya kweli ikisemwa mahali pasipo pake huzima haja nyingine ya kweli, na yenyewe pia haitatuliwi. Mshika mawili moja humponyoka. Anayeshika kumi je?

MKUTANO WA MAKANDE

Nitoe mfano mmoja. Shule moja ya msingi, ambayo sitaitaja jina, iliwaita wazazi wazungumzie chakula cha mchana cha wanafunzi. Kama tujuavyo, tangu Januari 2016 Serikali iliondoa michango ya lazima katika shule za msingi. Lakini chakula cha mchana katika shule nyingi za vijijini bado kinategemea makubaliano ya wazazi wenyewe. Wasipokutana na kukubaliana, sufuria haiwekwi motoni. Hakuna mwalimu mkuu wala mtendaji wa kijiji anayeweza kuamua peke yake kwamba kila mtoto alete debe la mahindi.

Ajenda ilikuwa moja, nayo ilikuwa na maswali matatu: kila mzazi atatoa kiasi gani cha mahindi na maharage, nani atashika ufunguo wa stoo, na nani atapika. Mimi nilikuwa mwandishi wa muhtasari, kwa hiyo niliyoyaona niliyaandika.

Mkutano ulifunguliwa saa nne. Mzazi wa kwanza alisema debe moja kwa kila mtoto linatosha kwa muhula. Wa pili aliuliza, je, mwenye watoto wanne atoe madebe manne? Hilo lilikuwa swali zuri, na lilistahili jibu. Lakini kabla halijajibiwa, wa tatu alisimama akasema mahindi yenyewe hana kwa sababu ng'ombe waliingia shambani mwake. Hapo ng'ombe wakaingia na mkutanoni. Mfugaji mmoja alisimama kujitetea. Kutoka kwenye ng'ombe tulikwenda kwenye mpaka wa malisho, kutoka kwenye mpaka tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji ambaye inasemekana aliushindwa, kutoka kwake tukaenda kwenye uchaguzi, na kutoka kwenye uchaguzi tukaenda kwenye pampu ya kisima iliyoahidiwa wakati wa uchaguzi huo.

Nataka ieleweke kwamba karibu kila neno lililosemwa lilikuwa la kweli. Ng'ombe waliingia kweli. Pampu iliahidiwa kweli. Lakini ilipofika saa saba, jua likiwa kali na watu wamechoka, mwenyekiti alisema suala la chakula litazungumzwa siku nyingine. Siku hiyo nyingine ilikuja baada ya miezi miwili na nusu.

Katika miezi hiyo, watoto wanaotoka vitongoji vya mbali waliendelea kuondoka nyumbani kabla ya mapambazuko, wengine bila hata chai, na kukaa shuleni mpaka alasiri wakinywa maji tu. Mwalimu anaweza kufundisha kugawanya kwa njia ndefu kwa ustadi wote aliopewa chuo cha ualimu, lakini mtoto aliyelaza kichwa juu ya dawati hasikii kitu. Wao ndio waliolipa gharama ya mkutano ule, na hawakuwa na haki ya kunyosha mkono pale.

WANAOONDOKA KWANZA

Lipo jambo jingine ambalo mwandishi wa muhtasari huliona kwa sababu yeye ndiye anayehesabu mahudhurio. Mkutano ukirefuka, wanaoondoka kwanza ni akina mama. Wanao watoto wa kunyonyesha, maji ya kuteka na chakula cha kupika. Halafu huondoka wale waliotoka mbali kwa miguu. Wanaobaki ni wanaume wachache wanaokaa karibu na ofisi ya kijiji au karibu na kilabu.

Basi kama uamuzi utapitishwa mwishoni, utapitishwa na hao wachache, na katika kitabu itaandikwa kwamba wananchi wameridhia. Suala la chakula cha watoto litaamuliwa na watu ambao hawapiki. Suala la kisima litaamuliwa na watu ambao hawateki maji. Kwa hiyo kutoka nje ya mada kunawanyang'anya kura wale ambao muda wao ni mfupi. Asiyelitazama hili anaweza kudhani kwamba mkutano mrefu ndio wenye demokrasia zaidi, kumbe huenda ukawa ndio wenye demokrasia kidogo zaidi.

ARDHI HAICHANGANYWI NA MENGINE

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, imeupa mkutano mkuu wa kijiji madaraka makubwa. Wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kupata kwanza idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwananchi wa kawaida, asiye na cheo wala fedha, amewekewa na sheria nafasi ya kusema ndiyo au hapana juu ya ardhi ya kijiji chake.

Lakini nafasi hiyo ina thamani pale tu anapokuwa anajua anaulizwa nini. Ombi la mtu wa kutoka nje anayetaka eneo kubwa likiletwa saa nane mchana, baada ya watu kubishana juu ya mbwa wa jirani na timu ya mpira, nani atauliza ramani iko wapi? Nani atauliza wanaolima pale sasa watakwenda wapi? Watu watanyosha mikono ili waende nyumbani. Mwenye nia mbaya anaijua siri hii. Yeye hana haja ya kuzuia mkutano. Anawaacha watu waseme kila kitu mpaka wachoke.

Sisi wa Rudewa hatuhitaji kufundishwa uzito wa ardhi. Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Sababu zake zilikuwa nyingi na za miaka mingi, na sitathubutu kusema kwamba mkutano mmoja ulioendeshwa vizuri ungeyazuia mauaji yale. Ninachosema ni kwamba suala la mpaka na malisho ni zito kiasi cha kustahili siku yake lenyewe, likiwa na ramani mezani, pande zote mbili zikiwapo, na lisidokezwe kwa hasira katikati ya mkutano wa makande. Yule mzazi aliyeleta ng'ombe katika mkutano wa chakula hakupata fidia, wala mfugaji hakupata njia ya kupitishia mifugo. Walipata nafasi ya kutukanana mbele ya watu, wakaondoka na uchungu mpya juu ya ule wa zamani.

WAZEE CHINI YA MTI

Najua wapo watakaonipinga. Watasema mambo ya ajenda na saa ni ya wazungu, na kwamba mila yetu ni kukaa na kuzungumza bila kukimbizwa. Watanikumbusha kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe alieleza demokrasia ya Kiafrika kuwa ni wazee kukaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane.

Nakubaliana na Mwalimu. Lakini wazee waliokaa chini ya mti walizungumza mpaka wakubaliane juu ya jambo lililowaweka pale. Kama ni shauri la mahari, walizungumza mahari, hata likichukua siku tatu. Mzee aliyeingiza habari ya mbuzi wake aliyepotea aliambiwa kwa heshima, "Mzee mwenzetu, la mbuzi tumelisikia, tutalirudia." Uvumilivu wao ulikuwa katika kulizungusha jambo moja mpaka lieleweke kwa pande zote. Sisi tumebakiza urefu wa mazungumzo na kuyaacha makubaliano.

Watasema pia kwamba shida zetu ni nyingi, na kwamba kuzungumzia moja ni kuzidharau nyingine. Kwa hao nina mfano wa mpiga picha. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam na kuanzia kazi yake ya picha hapa, alikwenda Ethiopia mwaka 1984 pamoja na mtangazaji Michael Buerk. Ethiopia wakati ule ilikuwa na vita, ilikuwa na utawala wa kijeshi, na ilikuwa uwanja wa mashindano ya mataifa makubwa. Mambo ya kupigia picha yalikuwa mengi. Huko Korem, Amin aliielekeza kamera yake kwa watu wenye njaa, akaishikilia hapo. Taarifa hiyo ilipotangazwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, ikachukuliwa na vituo vingi vya televisheni duniani, watu wa nchi za mbali walitoa chakula na fedha, na Julai 13 ya mwaka uliofuata yakafanyika matamasha makubwa ya muziki huko London na Philadelphia kwa ajili ya wenye njaa. Vita vya Ethiopia havikudharauliwa kwa sababu kamera ilitazama njaa. Lakini njaa ingeweza kusahauliwa kama kamera ingetazama kila kitu.

Hata hapa kwetu, wageni wanaokwenda Hifadhi ya Mikumi na kamera zao wanalijua hilo. Aliyekusudia kumpiga picha simba hukaa mahali pamoja akingoja. Anayegeuza lenzi kwa kila ndege anayeruka hujaza picha za matawi.

WASIOTAKA KUULIZWA

Hata hivyo, Ndugu Mhariri, ningekuwa nimefanya kazi nusu kama ningeacha upande wa pili. Neno "uko nje ya mada" ni kama panga: laweza kufyeka njia, na laweza kumkata mtu. Wapo viongozi wanaolitumia kumnyamazisha mwananchi anayeuliza fedha za kijiji zimekwenda wapi. Mwananchi akiuliza katika mkutano wa barabara, anaambiwa hiyo si ajenda ya leo. Akiuliza katika mkutano wa shule, anaambiwa hiyo si ajenda ya leo. Mwaka unakwisha na leo yenyewe haijafika.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Mwenyekiti mwadilifu anapomwambia mtu kwamba yuko nje ya mada, humwambia pia neno lake litasikilizwa lini na wapi, na jambo hilo huandikwa. Mwenyekiti anayekwepa husema tu, "Kaa chini." Wa kwanza anapanga maneno, wa pili anayaficha. Wananchi tusiwachanganye hawa wawili, tukamzomea wa kwanza na kumpigia makofi wa pili.

TUFANYEJE?

Mimi ni mwalimu, na kazi yetu inatufundisha jambo hili kila siku. Kipindi ni dakika 40. Mwalimu huingia darasani na andalio la somo lenye lengo lililoandikwa. Mtoto akiuliza kuhusu mwezi wakati wa somo la sehemu, hafukuzwi wala hajibiwi kwa nusu saa. Huambiwa swali lake ni zuri, litajibiwa kipindi cha sayansi; na mwalimu asipolijibu siku hiyo, mtoto huyo hatauliza tena. Kwa kufuata njia hiyo hiyo, napendekeza yafuatayo kwa viongozi wa vijiji na vitongoji waliochaguliwa Novemba 27, 2024, na kwa sisi tuliowachagua.

Kwanza, ajenda ibandikwe kwenye mbao za matangazo, na itangazwe katika nyumba za ibada na kila kitongoji siku kadhaa kabla. Mtu akijua linalokwenda kuzungumzwa huja amejiandaa, na asiyejua huja na lolote.

Pili, jambo zito liwe la kwanza, wakati akina mama bado wapo na vichwa bado vimepoa. Salamu za wageni na shukrani zisile saa nzima ya asubuhi.

Tatu, katibu awe na ukurasa wa mengineyo. Kila neno linalotoka nje ya ajenda liandikwe hapo pamoja na jina la aliyelisema, na kabla ya kufunga mkutano litajwe litazungumzwa lini au litapelekwa kwa nani. Mkutano unaofuata uanze na yatokanayo, na yasomwe kweli. Bila hili, kumtaka mtu ashike mada ni kumtaka ameze shida yake.

Nne, taarifa ya mapato na matumizi iwe ajenda ya kudumu katika kila mkutano mkuu wa kijiji, ili asiwepo wa kumwambia mwananchi kwamba fedha zake ziko nje ya mada.

Tano, mwananchi yeyote, awe mzee au kijana, awe na ruhusa ya kusimama na kusema kwa adabu kwamba tumetoka kwenye ajenda. Hata Bungeni Dodoma, Mbunge anayeacha hoja hurudishwa na Spika, na mbunge mwenzake anaweza kusimama kuomba utaratibu ufuatwe. Kama waheshimiwa wanakubali kurudishwa kwenye hoja, sisi tunaokaa kwenye magogo tunaona aibu gani?

Na sita, mkutano usifungwe kabla ya mwenyekiti kusoma kwa sauti kile kilichoamuliwa. Kama hakuna kilichoamuliwa, aseme hivyo, na aseme sababu. Naamini tukisomewa mara mbili tatu kwamba tumekaa saa nne na hatukuamua kitu, tutaanza kujirekebisha wenyewe.

Haya hayahitaji fedha za mfadhili wala waraka mpya kutoka wizarani. Yanahitaji daftari, kalamu, na mwenyekiti ambaye haogopi kumwambia rafiki yake kwamba neno lake ni zuri lakini si la saa hii. Wazazi wengi wataitwa tena katika shule zao kuzungumzia chakula cha mchana. Nawaomba wazazi hao, wa Kilosa na wa mahali pengine popote, wajibu kwanza swali la madebe mangapi, nani ashike ufunguo na nani apike. Ng'ombe watangojea siku yao.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Rudewa, Kilosa.